Kuunda makabati ya gemu nyumbani: Je, uraibu huu waweza kugeuzwa biashara?

KWA zaidi ya miaka 20 sasa, wapenzi wa michezo ya zamani ya video nchini Marekani wamekuwa wakijiundia nyumbani makabati yanayofanana na yale yaliyojaa katika kumbi za burudani miaka ya themanini.

Aghalabu kazi huanza kwa kabati moja tu, la kuwekwa sebuleni au katika gereji. Jirani huliona, shemeji hulitamani, na kabla ya rangi kukauka mwenyewe huulizwa: “Utaniuzia kwa pesa ngapi?”

Swali hilo limewafanya wengi kuamini kwamba wamegundua kitega uchumi. Wachache wao wamefaulu kweli. Walio wengi, wanapoketi na kupiga hesabu bila kujipendelea, hupata kwamba wamekuwa wakifanya kazi ya kibarua katika gereji zao wenyewe.

Kabati linalozungumziwa hapa ni sanduku refu la mbao lenye skrini usawa wa macho, ubao wenye vijiti na vitufe usawa wa kiuno, na vipaza sauti juu. Mchezaji husimama mbele yake. Makabati ya asili yalikuwa na upana wa inchi 25 hivi na urefu wa karibu futi 6, na mengi yalipita uzani wa kilo 100.

Biashara ya mashine hizo ilianza kushika kasi mwaka wa 1972, kampuni ya Atari ya California ilipotoa mchezo wa Pong. Kutoka Japani, Taito ilileta Space Invaders mwaka wa 1978, Namco ikafuata na Pac-Man mwaka wa 1980, nayo Nintendo ikatoa Donkey Kong mwaka wa 1981. Vijana walipanga foleni wakiwa na sarafu za senti 25 mikononi.

Kumbi hizo zilididimia kadiri mashine za kuchezea nyumbani zilivyozidi kuwa bora na nafuu. Makabati yakatupwa, yakavunjwa au yakaachwa kuozea katika maghala.

Kilichofufua mapenzi hayo ni programu ya kompyuta. Mnamo Februari 1997, Nicola Salmoria wa Italia alitoa programu iitwayo MAME, ambayo huifanya kompyuta ya kawaida kuiga saketi za mashine za zamani hadi gemu zake zikachezeka upya. Ghafla, kabati moja lingeweza kubeba michezo iliyohitaji ukumbi mzima.

Kisha Februari 2012 ikauzwa kwa mara ya kwanza kompyuta ndogo ya Uingereza iitwayo Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kadi ya benki. Toleo lake la Model B liligharimu dola 35 (takriban Sh4,500 kwa kiwango cha Sh129 kwa dola moja). Tangu hapo, aliyejua kushika msumeno na bisibisi hakuhitaji tena kuwa mtaalamu wa elektroniki.

Hesabu za gereji

Ili kuelewa faida inapopotelea, ni vyema kuchukua mfano wa fundi wa jioni: mtu mwenye ajira yake mchana, anayeunda kabati la wachezaji wawili saa za ziada. Bei zifuatazo ni za kukadiria, lakini haziko mbali na zile anazokutana nazo mnunuzi wa rejareja nchini Marekani.

Mbao mbili za MDF au plaiwudi za futi 8 kwa 4 zinaweza kumgharimu dola 110. Gundi, skrubu, msasa na rangi ni dola 50. Utepe wa plastiki wa kuziba kingo pamoja na kioo cha plastiki cha kufunika skrini ni dola 50 nyingine. Vijiti, vitufe na kibao cha saketi cha kuviunganisha na kompyuta ni dola 80.

Kompyuta ndogo, kadi yake ya kumbukumbu na kifaa cha umeme ni dola 90. Skrini ni dola 110, vipaza sauti na taa ni dola 40, na michoro ya kubandika ubavuni, ikichapishwa kwa ukubwa unaofaa, dola 70. Jumla ni dola 600, yaani takriban Sh77,400.

Tuseme amempata mnunuzi wa kumpa dola 1,200. Kwa macho ya jirani, amepata faida maradufu. Lakini mnada wa mtandaoni wa eBay hukata takriban asilimia 13, ambayo ni dola 156. Petroli ya kupeleka mzigo, ubao uliokatwa vibaya na kitufe kilichovunjika wakati wa kufungwa vinaweza kumeza dola 74 zaidi. Kinachobaki mkononi ni dola 370.

Sasa zihesabiwe saa. Kupima, kukata, kupiga msasa, kupaka rangi mara tatu na kusubiri ikauke, kuunganisha nyaya, kusanidi programu, kupiga picha za tangazo, kujibu wapigaji simu wasio na nia ya kununua, na hatimaye kubeba. Si ajabu kazi hiyo kuchukua saa 50, na kwa anayeunda kabati lake la kwanza au la pili, hata zaidi.

Dola 370 zikigawanywa kwa saa 50 ni dola 7.40 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani, ambacho hakijabadilika tangu 2009, ni dola 7.25. Majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi. Kwa maneno mengine, fundi huyu stadi, mwenye vyombo vyake na karakana yake, angepata kiasi hicho hicho au zaidi akiosha vyombo mkahawani.

Hesabu hiyo haijagusa bei ya msumeno wa meza, mashine ya kuchonga kingo, wala gari la familia linalolala nje kwa sababu gereji imejaa mbao.

Yupo atakayejibu kwamba saa za jioni hazina bei, kwa kuwa angezitumia kutazama televisheni. Hoja hiyo ina uzito kwa kabati la kwanza. Kwa kabati la sita, ambalo mteja amelipia malipo ya awali na anapiga simu kila Jumatatu, saa hizo ni kazi kama kazi nyingine yoyote, na uraibu umekwisha.

Mshindani mwenye kiwanda

Kabla ya mwaka wa 2018, aliyetaka kabati la gemu nyumbani alikuwa na njia tatu: kununua la zamani na kulikarabati, kujiundia, au kumlipa fundi. Bei ya fundi haikuwa na kitu cha kulinganishwa nacho.

Mwaka huo kampuni ya Arcade1Up ilianza kuuza katika maduka makubwa ya Marekani makabati ya robo tatu ya ukubwa wa asili, yakiwa na gemu zenye leseni na michoro halali. Bei ilikuwa takriban dola 299 (Sh38,600), nusu ya gharama ya vifaa tu vya fundi wetu. Mnunuzi aliyafungasha katika gari lake na kuyaunganisha mwenyewe kwa bisibisi.

Wajuzi waliyakosoa kwa ubao mwembamba na kimo kisichomfaa mtu mzima hadi alipowekewa kijukwaa chini. Ukosoaji huo ulikuwa wa haki, lakini haukumsaidia fundi. Mnunuzi wa kawaida anataka kumfurahisha mwanawe siku ya Krismasi, na hajui tofauti ya kitufe cha Sanwa cha Japani na kile cha bei ya chini. Haoni sababu ya kulipa mara nne.

Pigo hilo ndilo lililobadilisha hesabu zote. Lilimwachia fundi wa gereji wateja wa aina mbili tu: wale wanaotaka kitu cha pekee kisichouzwa dukani, na wale wanaotaka gemu elfu kumi ndani ya kabati moja. Aina ya kwanza ni wachache. Aina ya pili ni wengi, na hao ndio wanaoweza kumpeleka fundi mahakamani.

Mtego wa hakimiliki

Programu ya kuiga mashine si haramu yenyewe. Kilicho na mwenyewe ni gemu, yaani nakala ya data iliyokuwa ndani ya vibao vya mashine asilia. Pac-Man ingali mali ya Bandai Namco, na Donkey Kong ni ya Nintendo, ingawa zimepita zaidi ya miaka 40. Hakimiliki haiishi kwa sababu mashine haitengenezwi tena.

Sheria ya Marekani humruhusu mwenye hakimiliki kudai fidia ya kati ya dola 750 na dola 30,000 kwa kila kazi iliyonakiliwa, na ikithibitishwa kuwa kosa lilifanywa makusudi, hadi dola 150,000 (Sh19.3 milioni). Ni kwa kila kazi, wala si kwa kila kabati. Fundi anayetangaza “gemu 5,000 ndani” anaorodhesha mwenyewe makosa yake.

Ni kweli kwamba kampuni kubwa hazijawa zikimwandama kila muuzaji mdogo. Hata hivyo, zinapoamua kushtaki hazina huruma. Mnamo Novemba 2018, wamiliki wa tovuti mbili za Arizona zilizosambaza nakala za gemu walikubali hukumu ya zaidi ya dola milioni 12 (takriban Sh1.6 bilioni) katika kesi iliyowasilishwa na Nintendo.

Kadhalika, programu zenyewe zina masharti. Hadi mwaka wa 2016, leseni ya MAME ilikataza matumizi ya kibiashara. Mwaka huo ndipo ilipogeuzwa kuwa programu huria. Baadhi ya matoleo ya zamani, ambayo bado hupendwa kwa kuwa mepesi kwa kompyuta ndogo, yangali chini ya leseni ile ya awali. Programu ya Snes9x, inayoiga mashine ya Super Nintendo, nayo hairuhusu kuuzwa. Wanaoandaa RetroPie, mkusanyiko unaotumiwa sana kwenye Raspberry Pi, wamelalamika mara kwa mara kuhusu wanaouza kazi yao waliyoitoa bure.

Zipo gemu chache ambazo wenyewe wameruhusu zigawanywe, kama vile Robby Roto ya miaka ya themanini, lakini ruhusa hiyo ni kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Hivyo hata hizo haziwezi kuwa kivutio cha mauzo.

Michoro nayo ina wenyewe. Sura ya Pac-Man ubavuni mwa kabati ni nembo ya biashara iliyosajiliwa, na duka la uchapishaji linaweza kukataa kuichapa.

Njia salama ni kuuza kabati tupu: mbao, skrini, vitufe na kompyuta isiyo na gemu, kisha mnunuzi ajinunulie mikusanyiko halali kama Capcom Arcade Stadium au Atari 50 iliyotolewa mwaka wa 2022. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa kabati tupu hutoa pesa kidogo, na swali lake la kwanza huwa, “Gemu ziko wapi?” Anayejibu kwa kumwelekeza kwenye tovuti ya nakala haramu hajajiondolea lawama yote.

Ushuru, umeme na simu za usiku

Mamlaka ya ushuru ya Marekani, IRS, hutofautisha uraibu na biashara. Anayepata faida katika miaka 3 kati ya 5 huchukuliwa kuwa mfanyabiashara mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mapato ni sharti yatangazwe kwa vyovyote vile, lakini tangu mwaka wa 2018 anayehesabiwa kuwa wa uraibu haruhusiwi kuondoa gharama za kando kama matangazo na vyombo vya kazi.

Anayekubali kuitwa mfanyabiashara huziondoa gharama hizo, ila mapato halisi yakifika dola 400 kwa mwaka hutozwa ushuru wa waliojiajiri wa asilimia 15.3, mbali na ule wa mapato. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, makabati mawili yanatosha kuvuka kiwango hicho.

Usalama ni jambo linalopuuzwa sana. Kabati lina waya wa umeme mkuu ndani ya sanduku la mbao ambalo watoto hulipiga kwa mikono na kulimwagia soda. Likishika moto, wa kwanza kutafutwa ni aliyeliunda. Bima ya nyumba aghalabu haigharamii madhara ya bidhaa zilizouzwa, na bima ya biashara ni gharama ambayo mauzo ya makabati manne kwa mwaka hayawezi kuibeba kwa urahisi.

Wapo wanaosisitiza kutumia skrini nene za kioo za zamani, wakisema picha yake haina mfano. Picha ni nzuri kweli, lakini ndani yake mna umeme unaoweza kupita volti 20,000, na chaji huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa. Kuuzia familia kitu kama hicho bila ujuzi wa kutosha ni hatari isiyo na sababu.

Kuna pia jambo ambalo halionekani katika karatasi ya hesabu. Kadi ya kumbukumbu huharibika mashine inapozimwa ghafla, na mnunuzi hajui kwamba kuna kitu kinachoitwa kadi ya kumbukumbu. Anachojua ni kwamba alilipa dola 1,200, kioo ni cheusi, na sherehe ya mwanawe ni kesho. Ziara mbili kama hizo, za mwendo wa saa moja kwenda na kurudi, hufuta faida iliyosalia.

Uzani nao huamua soko. Ubao mmoja wa MDF wa robo tatu ya inchi una takriban kilo 44, na kabati hutumia mbili. Kulisafirisha hadi jimbo jingine hugharimu mamia ya dola, kwa hivyo wateja wa fundi ni wale walio umbali wa kufikika kwa gari. Katika mji mdogo, hao huisha baada ya makabati matatu au manne.

Wanaopata ni akina nani?

Wanaodumu katika shughuli hii, kwa kawaida, si wale wanaouza makabati kamili. Ultimarc ya Uingereza, kwa mfano, ilijijengea jina kwa kuuza I-PAC, kibao kidogo cha kuunganisha vitufe na kompyuta, ambacho huingia katika bahasha na kutumwa kokote duniani. Wengine huuza michoro ya vipimo, au mbao zilizokatwa tayari kwa mashine ya kompyuta ili mnunuzi aziunganishe mwenyewe.

Kwa fundi wa jioni, ubao wa vijiti na vitufe peke yake, usio na kabati, una mantiki zaidi. Vifaa vyake ni vya gharama ndogo, hukamilika kwa wikendi moja, hauna umeme mkuu ndani, hauhitaji gemu yoyote, na hutoshea katika kisanduku cha posta. Mnunuzi huuchomeka katika kompyuta yake.

Njia nyingine ni ukarabati wa mashine asilia. Wenye mikahawa na wakusanyaji hutafuta watu wanaoweza kutengeneza saketi za mwaka wa 1981 na kurekebisha skrini za kioo, na mafundi hao wanazidi kupungua kwa uzee. Hapo mteja hulipia ujuzi. Lakini ujuzi huo huchukua miaka kuupata, wala haupatikani kwa kuunda sanduku la mbao.

Kwa anayeshikilia kuuza makabati kamili, kanuni inayofaa ni kuunda kwa oda tu, baada ya kupokea malipo ya awali yanayofidia vifaa vyote, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema wazi kwamba gemu hazimo. Asiunde kwanza akitarajia mnunuzi; kabati lisilouzwa huishia kuuzwa kwa bei ya kutupa ili gereji ipumue.

Zaidi ya hapo, lengo la busara ni kurudisha gharama. Kuuza kabati la mwaka jana kwa dola 700 ili kununua mbao na skrini za la mwaka huu kunauweka uraibu hai bila kugusa mshahara wa nyumbani, na wengi wa waliodumu kwa miaka mingi hufanya hivyo hivyo.

Hali ya Kenya

Kwa msomaji wa hapa nchini anayewaza kuiga, upande wa useremala si kikwazo. Mafundi wa jua kali wa Gikomba na wale wa kando ya Barabara ya Ngong hukata na kupaka rangi samani ngumu kuliko hizi kila siku. Vitufe na vijiti ndivyo huagizwa kutoka ng'ambo, pamoja na gharama za forodha. Vifaa vilivyotengenezewa umeme wa Marekani wa volti 120 navyo havifai kuchomekwa katika soketi ya volti 240 bila transfoma.

Ugumu ni soko. Kijana wa mtaani hulipa shilingi chache kucheza kandanda ya kisasa katika kibanda cha PlayStation, na hana kumbukumbu ya kumbi za miaka ya themanini za kumfanya atamani Pac-Man. Anayeweza kununua kabati ni mwenye mkahawa au hoteli anayetaka pambo la kuvutia wageni, na huyo akiweka gemu zisizo na leseni mahali pa biashara atakuwa amevunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001.

Isitoshe, sanduku refu lenye taa na tundu la sarafu hufanana mno na mashine za kamari, ambazo serikali ilizinasa na kuziteketeza katika msako wa mwaka wa 2018. Marekani ilipitia hali kama hiyo: jiji la New York lilipiga marufuku mashine za pinball mwaka wa 1942, zikavunjwavunjwa kwa nyundo, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi mwaka wa 1976. Anayenuia kuweka kabati mahali pa umma hapa nchini afadhali asilitoboe tundu la sarafu, na aulize ofisi ya kaunti kuhusu leseni ya biashara kabla ya kununua ubao wa kwanza.